Kiti, Kiko na Hodi: Nani Mkubwa katika Hadithi za Bwana Msa?

Bwana Msa hana bastola. Hana pingu, hana sare, hana faili lenye muhuri wa serikali. Anacho kiko. Anakiwasha, anauliza swali moja dogo ambalo halionekani kuhusika na lolote, kisha ananyamaza. Na Inspekta Seif, ambaye ndiye mwenye cheo na ndiye awezaye kumtia mtu ndani usiku huu huu, anakaa anamsikiliza.

Wasomaji wangu, hilo ndilo ninalotaka tuliongee leo. Tumezoea kusema hadithi ya upelelezi ni hadithi ya nani kaua. Mimi siku hizi naisoma kwa swali jingine kabisa: humu ndani nani ana haki ya kuuliza, na nani kazi yake ni kujibu? Ukilishika swali hilo utaona mwandishi hana haja ya kukwambia "fulani alikuwa mkubwa". Anakuonesha nani kapewa kiti na nani kasimama, nani kapiga hodi akangoja na nani kaingia tu.

Nimekisoma tena Mzimu wa Watu wa Kale hapa Mkokotoni, ambako kazi imenileta kufuatilia habari za mahkamani. Mwandishi wa habari za mahkamani hapungukiwi na muda wa kusoma riwaya. Kesi inaitwa saa tatu, saa nne inaahirishwa, na mashua ya kurudi Tumbatu inangoja maji na abiria, kwa hiyo hata shahidi aliyekuja kutoka kule naye anakaa. Tunakaa sote. Ila hatukai mahali pamoja, na hapo ndipo lilipoanza wazo la makala hii.

Kwanza tumjue mwenyewe, kwa wale waliomsoma skuli wakamsahau. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Unguja mwaka 1918 na kufariki 1991. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na lile shirika la serikali za kikoloni lililokuwa likichapisha vitabu vya Afrika ya Mashariki, kikatoka kitabu mwaka 1960. Kisima cha Giningi kikafuata 1968, halafu Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Jina la mpelelezi wake, Msa, ni herufi tatu za jina lake mwenyewe. Mtu kajiingiza kitabuni, kajipa kiko, kajiita Bwana!

Lakini soma kazi alizofanya kabla ya kuwa mwandishi wa vitabu, maana huko ndiko kwenye utamu. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, akaifanya kazi hiyo kwa miaka kumi. Fikiria maana yake. Bwana afya ni mtu anayepiga hodi kwa adabu, lakini hodi yake haina jibu la "rudi kesho". Anaingia uani, anafunua mtungi, anatazama choo, anauliza haya maji ya lini. Mwenye nyumba, hata awe na mikarafuu mingapi, anajikuta anajieleza kwa kijana mwenye kalamu. Huo ni ukubwa wa aina ya pekee: mdogo kwa mshahara, mkubwa kwa swali. Miaka kumi ya kutazama nyua za watu! Sishangai hata kidogo kwamba mpelelezi wake anaona vitu ambavyo askari wanavikanyaga.

Mwaka 1948 akahamia kwenye magazeti, akawa mhariri wa Zanzibari, kisha katika muongo uliofuata akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Nanyi mnaoijua Unguja ya siasa mtasita hapo kama nilivyosita mimi. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilikuwa sauti ya upande wa Waafrika. Magazeti hayo mawili yalitazamana kwa macho makali, na huyu bwana kafanya kazi kwenye yote mawili. Ina maana alijua kila upande unamwita mwenzake nani, na ni neno gani moja, likiandikwa kwa herufi kubwa au kuachwa tu, linaweza kuzua ugomvi barazani. Mwaka 1958 akaenda kuhariri Mkulima, jarida la kilimo la Tanganyika, hadi alipostaafu 1968.

Sasa turudi kwenye vitu vidogo.

Sherlock Holmes, katika kitabu cha kwanza kabisa cha mwaka 1887, anatazama dirishani na kumwona mtu akivuka njia na barua mkononi. Kwa kumwona tu anasema yule ni sajini mstaafu wa jeshi la majini. Amejuaje? Mchoro wa nanga mkononi, ndevu za mashavuni, namna anavyobeba kichwa na kuchezesha fimbo yake, na ile hali ya kujiona kwa mtu aliyezoea kuamrisha. Nanga ilimwambia Holmes yule bwana alikuwa baharini. Fimbo na kichwa ndivyo vilivyomwambia alikuwa juu ya wengine. Wengi husahau sehemu hiyo ya pili, wakadhani upelelezi ni nyayo na majivu ya sigara tu.

Kwetu hakuna haja hata ya fimbo. Jina linatosha. Mwandishi wa Unguja akimwita mhusika Makame, Haji, Vuai au Pandu, msomaji wa hapa keshajua mengi kabla mhusika hajafungua mdomo: anatoka shamba au pwani gani, nani atamwita "bwana", nani atamwita kwa jina tupu. Akitajwa kwa Sheikh au Seyyid, keshapewa kiti. Najum, sahibu yake Bwana Msa, naye humwita mwenzake Bwana. Wageni wakisoma tafsiri wanaona majina tu. Sisi tunaona ngazi.

Na ngazi hiyo haikuanza vitabuni. Katika karne ya 19 mtumwa wa Unguja hakuvaa kofia wala viatu mbele ya mwungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwezi wa Aprili 1897, kitu cha kwanza walichokifanya wengi waliopata uhuru hakikuwa kuandika barua kwa Balozi wa Kiingereza. Walivaa. Wanaume kanzu na kofia, wanawake kanga za rangi, baadaye buibui. Mtu aliyekulia katika mji kama ule hahitaji kuambiwa kwamba makubadhi yaliyovuliwa mlangoni ni habari. Anahesabu jozi, anajua nani yumo ndani. Anatazama ngozi, anajua wana uwezo gani. Asipoona makubadhi ya mtu fulani, na huku anaisikia sauti yake ndani, anajua kwamba huyo ama ni mwenyeji asiyetoka, ama ni mtu asiye na viatu.

Salamu pia. Wengi wanasema shikamoo asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Leo ni ya umri, na alhamdulillahi, mimi nawaamkia wazee wote wa Mkokotoni bila kujiuliza. Lakini msomaji wa riwaya za zamani anapaswa kutega sikio: ukimkuta mzee wa miaka sitini anamwamkia kijana wa thelathini, basi umri haukuhusika hapo. Kuna kitu kingine kati yao, aghlabu shamba.

Hapo kwenye shamba naomba nikae kidogo, maana riwaya za Bwana Msa zinazunguka mali za wakubwa, na anayeuawa katika Mzimu, Bwana Ali Bomani, ni tajiri wa mashamba. Unguja ya kabla ya 1964 mtu aliweza kukaa kwenye shamba la mwenziwe miaka na miaka, akalima mhogo na mazao mengine ya muda mfupi kati ya mikarafuu na minazi ya mwenye shamba, na wala asilipe kodi. Mwenyewe alipenda, maana magugu yalipaliliwa bure. Ila kulikuwa na sharti lisilohitaji kuandikwa: usipande mti wa kudumu. Kwa nini? Kwa sababu kwa mila ya hapa mti una mwenyewe mbali na ardhi. Ukipanda mnazi, mnazi ni wako, na mwenye mnazi hafukuzwi kirahisi kama mwenye mhogo. Kwa hiyo ukitaka kujua nani mkubwa shambani usiulize hati. Tazama nyuma ya kibanda cha mtu. Kama kaishi pale miaka ishirini na nyuma ya kibanda kuna mhogo mtupu, hakuna hata mnazi mmoja, umeshapata jibu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, siasa zilipopamba moto, watu kama hao walianza kufukuzwa kwa sababu ya chama walichokipigia kura, na mhogo haukuwatetea. Baada ya Mapinduzi serikali iligawa ardhi, zile eka tatu tatu ambazo wazee wa huku bado wanazitaja kama jina la mtu.

Basi niliposoma tena hadithi ya tajiri kuuawa shamba, nilijikuta namwambia Bwana Msa kimoyomoyo: umeona kila kitu, je, umeangalia nyuma ya vibanda?

Simlaumu sana. Siri zake ni za ndani ya nyumba: nani mtoto wa nani, nani mrithi, mama wa huyu ni nani hasa. Kuna wanaosema hayo ni mambo ya kitamthilia tu, ya kuchezea msomaji. Sikubaliani nao. Katika nyumba kubwa za Unguja mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa mwungwana na alirithi kama ndugu zake. Masuria wenyewe sheria ya 1897 iliwaruka, wakaja kutajwa kwenye sheria ya 1909. Ina maana kwamba Bwana Msa alipokuwa anachunguza mauaji ya kitabuni, walikuwepo Unguja watu wazima wengi ambao bibi zao waliingia nyumba zile bila kuulizwa kama wanataka. Swali la "mama yako nani?" halikuwa porojo. Liliweza kumnyanyua mtu kitini. Ndiyo maana katika hadithi hizi mwanamke mzee anayekumbuka nani alizaliwa na nani ana nguvu kuliko inspekta. Mimi nikimwona bibi wa aina hiyo ametokea, hukaa vizuri. Faili ni yeye.

Na kiti, sasa. Lugha yetu ina neno moja ambalo tunalitumia kila siku bila kulisikia: mwenyekiti. Mwenye kiti. Katika nyumba za Mji Mkongwe na Lamu kulikuwa na kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye mgongo mrefu na nakshi za pembe, ambacho hakikaliwi ovyo. Mgeni mkubwa ndiye hukalishwa. Wengine jamvini. Serikali ya kikoloni ilikielewa kiti vizuri sana. Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1926, wakapewa viti Waarabu, Wahindi na Wazungu. Mwafrika wa kwanza kukaa mle, Sheikh Ameri Tajo, alikaa mwaka 1946. Miaka ishirini ya kusimama! Uchaguzi wa kwanza wa kura ulifanyika Julai 1957, viti 6 tu, na miaka hiyohiyo ndiyo yalipofanyika yale mashindano ya hadithi aliyoshinda Muhammed Said Abdulla. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa Bwana Msa alikuwa mtu ambaye magazeti yake, baraza yake, hata ugomvi wake na mkwewe, vyote vilikuwa vinahusu nani apewe kiti. Usimwambie mtu huyo kwamba kiti ni samani.

Mkokotoni ilikuwa makao ya mudir. Kwa vijana ambao hawakulisikia neno hilo: mudir alikuwa mtawala wa serikali wa eneo, juu ya masheha, na mara nyingi aliteuliwa kutoka familia za Kiarabu. Alikuwa na mahkama yake pia, kwa kesi ndogo ndogo. Maana yake mtu yuleyule aliyekutuma, aliyekuandika, aliyekuja kukuuliza kwa nini hukufika, ndiye uliyesimama mbele yake siku ya kesi. Mzee mmoja mvuvi, ambaye wakati huo alikuwa mtoto, alinisimulia kwamba babake alikuwa na kanzu moja safi, na ilitoka sandukuni kwa mambo mawili: Ijumaa na kuitwa kwa mudir. Nikamuuliza babake alikuwa akisema nini akifika kule. Akacheka. "Alikuwa akisema hajui."

Hajui! Neno hilo limenifanya nikisome Mzimu upya. Kitabuni, tajiri anapouawa, watu wanasema ni mzimu, na Bwana Msa anakuja kuonesha kwamba mzimu hauna mikono, mtu ndiye muuaji. Skuli tulifundishwa kwamba huo ni ushindi wa akili juu ya ushirikina, tukaandika hivyo kwenye mtihani, tukapata alama. Sawa. Lakini huku kwetu, mkabala wa Tumbatu, ambako mizimu ina majina na siku zake, na mahali panawekwa marashi na vitambaa, nimeanza kuona upande mwingine. Askari amekuja kutoka mjini na daftari. Anauliza nani alimwona marehemu mwisho. Ukitaja jina la jirani, umempeleka jirani mbele ya watu ambao kesho watarudi mjini na kukuacha wewe na ndugu zake. Ukitaja jina la mkubwa, Mungu akusaidie. Ukisema ni mzimu, hukumtaja mtu, hukusema uongo kwa imani yako, na askari hana namna ya kuutia pingu. Mtu asiye na kiti hana silaha nyingi, na kutojibu ni mojawapo. Bwana Msa anakuja na kiko chake na kuinyang'anya silaha hiyo. Kwa haki, ndiyo, maana damu imemwagika. Lakini kainyang'anya, na nadhani tusome tukilijua hilo.

Kama unadhani natia chumvi, waliokwenda kusema ukweli mbele ya hakimu walipata nini? Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Fumba aliyerikodi sahani za santuri kule Bombay mwaka 1928, aliimba kesi za mahkamani kama sisi tunavyoziandika, na pengine vizuri zaidi. Mojawapo ya nyimbo zake inamhusu mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa Unguja. Anayetuhumiwa kavuka bahari, katokomea. Na wimbo unalalamika kuwa waliobaki kusumbuliwa ni wanawake waliokuwa mashahidi, kwa sababu usiku ule kulikuwa na pombe na mahkama ikaishika hiyo pombe. Hebu itazameni chupa hiyo. Katika riwaya ya kawaida chupa ingekuwa ushahidi dhidi ya muuaji. Hapa inakuwa ushahidi dhidi ya aliyetoa ushahidi. Sijapata kusoma ukurasa wa riwaya yoyote, ya Kiswahili au ya Kizungu, unaoonesha mahkama ni ya nani kwa kitu kidogo kiasi hicho.

Kuhusu polisi. Inspekta Seif ana jina letu na anasema Kiswahili chetu. Mkuu wa polisi halisi wa Zanzibar wa miaka ile alikuwa Mwingereza, na askari wa kawaida wengi walikuwa watu wa bara. Kwa hiyo yule inspekta mwenye adabu, mwenyeji, anayekubali kukaa na kusikiliza, kwa kiasi fulani ni ndoto ya mwandishi, na ni ndoto nzuri. Vurugu za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Mwaka 1963 serikali mpya iliyokuwa ikielekea uhuru ikawaondoa kazini askari wengi wa bara. Walivua sare wakaenda mitaani, na usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, vituo vilivyovamiwa mwanzo ni vya polisi, Ziwani na Mtoni. Sare iliyovuliwa nayo ni kitu kidogo. Mtu ukimwona hana sare ukadhani hana chochote, umesahau kwamba anajua ghala la silaha liko mlango upi.

Hapo Bwana Msa kanyamaza. Kisima cha Giningi kilitoka miaka minne baada ya Mapinduzi, na nikikisoma naona Unguja ileile ya zamani, watu walewale wa mashamba na majumba, kana kwamba Januari haikupita. Wako wanaomshutumu kwa hilo, kwamba aliwalilia mabwana. Mimi naona ni jambo la kusikitisha zaidi kuliko la kushutumu. Hadithi ya upelelezi inahitaji kitu kimoja kabla ya mengine yote: maiti ambaye watu wanaruhusiwa kumuulizia. Maiti wa 1964 hawakuulizwa. Mwaka 1969 Abdullah Kassim Hanga na Othman Sharif, mawaziri waliojulikana dunia nzima, walipelekwa Zanzibar kutoka bara na kuuawa, na hakuna kesi iliyosikilizwa hadharani. Mpelelezi gani ungemweka pale? Angepiga hodi mlango gani? Na Aprili 7, 1972, Rais Abeid Amani Karume alipopigwa risasi Kisiwandui, alikuwa anacheza bao. Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi kainamia bao jioni na wenzake, mlango wazi. Mwandishi wa riwaya asingethubutu kubuni jambo hilo, angeogopa wasomaji watasema si kweli. Kesi ya wale waliotuhumiwa ilikwenda kwenye mahkama ya wananchi, na washitakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea.

Upande wa bara, vitabu vya wakati huo vilichukua njia nyingine. Faraji Katalambulla alikwishatoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na jina lenyewe linakwambia ukubwa umehamia wapi: kutoka kwenye kiti kwenda kwenye waya. Mwenye simu Dar es Salaam ya 1965 alikuwa mtu. Halafu akaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake katika Kufa na Kupona, 1974. Willy ni mpelelezi wa serikali, ana bastola, ana ndege, ana warembo, na ana mkuu wa kazi anayemtuma. Mimi nampenda Willy, nisiseme uongo, nimemsoma chini ya dawati katika kipindi cha hesabu. Lakini Willy hajiulizi nani ana haki ya kuuliza. Serikali imeshamjibia. Bwana Msa anaupata ukubwa wake ukurasa kwa ukurasa, kwa kuuliza vizuri, na mtu yeyote kitabuni angeweza kumwambia "wewe nani hata uniulize?" Hatari hiyo ndiyo inayonifanya nifungue ukurasa unaofuata.

Juzi hapa niliingia ofisi moja, sitaitaja, si ya mbali. Kuna benchi nje na viti vya plastiki ndani. Nilikuwa na kitambulisho cha kazi shingoni. Nikaambiwa karibu, nikapewa kiti. Mwanamke wa makamo niliyemkuta benchini, ambaye mwanawe alikuwa amekamatwa siku tatu zilizopita, hakuwa amepewa hata jibu. Nilipoketi nilimuuliza karani maswali mawili yangu, kisha nikamuuliza la tatu, la yule mama: yule kijana yuko kituo gani? Karani akafungua daftari. Dakika moja tu. Jina lilikuwepo tangu asubuhi. Mama alipotajiwa kituo aliinuka, akavaa kandambili zake ambazo alikuwa amezivua mlangoni, mlango ambao wengine wote tulipita na viatu vyetu.

Kitabu cha mwisho cha Bwana Msa kilitoka 1984, na kinaitwa Kosa la Bwana Msa. Mwaka huohuo Zanzibar ilipata Katiba mpya, yenye sura nzima ya haki za watu mbele ya mahkama, ikiwemo haki ya kusikilizwa. Mkiwa na nakala zenu za zamani zisomeni kwa macho haya, mniambie mmeona viti vingapi. Na mwenye Siri ya Sifuri iliyo kamili aniazime tafadhali. Niliyoipata mimi Darajani imeng'oka kurasa za mwisho, na huku Mkokotoni kila niliyemuuliza muuaji ni nani ananiambia hajui.